Kurekodi kwa mashine ya kaseti ya treki nne na mikisa ya zamani: mwongozo wa sauti ya lo-fi

"Ninunue mashine gani?" "Kanda yoyote inafaa?" "Mbona nikiweka kaseti ya zamani nasikia watu wanaimba kinyumenyume?" Maswali haya yanarudi kila mtu anapopata mashine yake ya kwanza. Majibu yamepangwa hapa kwa kufuata kazi yenyewe: kununua, kukagua, kusafisha, kurekodi, kuhamisha treki, na mwisho kurudisha sauti kwenye kompyuta.

Jambo moja lieleweke mapema. Sauti ya lo-fi (iliyochafuliwa kidogo kwa makusudi) inayopendeza haitoki kwenye mashine mbovu. Mashine mbovu inaharibu inavyotaka yenyewe, na kesho inaharibu kwa namna nyingine. Mashine safi inayozunguka sawasawa inakuachia wewe uamue ngoma zishibe kiasi gani, trebo ikatwe wapi na wimbo uyumbe vipi. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu ni ukaguzi na usafi. Usiiruke.

Mashine yenyewe ni ipi

Mwaka 1979 TEAC, wenye jina la Tascam, walitoa Portastudio 144: mikisa na kinasa sauti cha treki nne ndani ya boksi moja, kikitumia kaseti ya kawaida. Kaseti ya redio ya nyumbani nayo ina treki nne, ila mbili ni za upande A na mbili za upande B zinazokwenda mwelekeo wa pili. Mashine ya treki nne inazisoma zote kwa pamoja, kwa mwelekeo mmoja. Basi ukiweka kaseti ya taarab ya miaka ya 80 utasikia upande A sawasawa kwenye treki 1 na 2, na upande B kinyumenyume kwenye 3 na 4. Mashine yako ni nzima.

Hapo hapo ndipo muda unapopungua. Kanda ya C60 inakupa dakika 30 tu kwa sababu haigeuzwi, na kwenye mashine inayokimbia mara mbili ya kasi ya kawaida (sentimita 9.5 kwa sekunde badala ya 4.8) zinabaki dakika 15.

Kwa anayeanza, tafuta Tascam Porta 02, Porta One au Porta 05. Fostex X-15 au X-18. Yamaha MT50 au MT4X. Tascam 424 na 244 ni nzuri zaidi, lakini jina lao limepandisha bei, na kwa sauti unayoitafuta hapa huhitaji kulipia jina. Porta 02 inarekodi treki mbili tu kwa wakati mmoja na haina kipunguza mvumo. Kwa mtu anayefanya kazi peke yake hilo si tatizo.

Ukikosa kabisa, deki ya kawaida ya stirio yenye tundu za LINE IN na LINE OUT inatosha kupitishia biti (midundo ya wimbo) na kuichafua. Mashine za rili (za utepe wazi usio ndani ya kaseti) ziache kwanza: utepe wake ni ghali, ni nzito kusafirisha, na nyingi zina mota inayofuata masafa ya umeme, kwa hiyo iliyotengenezwa kwa hezi 60 itakwenda kwa kasi isiyo yake kwenye umeme wetu wa hezi 50.

Mikisa ya nje si lazima kama mashine yako ina yake ndani, lakini mikisa ndogo ya zamani inaongeza rangi. Boss KM-60, BX-600 na BX-800 zinafaa, na hata mikisa ya ukumbini isiyo na jina inafaa, ilimradi kila chaneli iwe na nobu ya geini (TRIM au GAIN) iliyo mbali na slaida. Nobu hiyo ndiyo utakayoifanyia kazi, na mikisa isiyo nayo haina faida kubwa hapa.

Andaa hivi kabla ya kuanza

- Mashine, na adapta yake halisi au inayolingana nayo kabisa.
- Kanda mbili au tatu za C60, aina ya II (TYPE II kwenye lebo) kama zinapatikana. C90 inavumilika. C120 usiiguse: utepe wake ni mwembamba mno, unavutika na kumezwa.
- Spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Ile ya asilimia 70 ina maji mengi.
- Vijiti vya pamba, kitambaa kisichotoa nyuzi, tochi ndogo.
- Kontakti klina ya vifaa vya elektroniki. Dawa ya kulainishia kutu na bawaba si kontakti klina; inaacha mafuta yanayokamata vumbi.
- Maikrofoni ya dainamiki. Za kondensa zinataka umeme wa volti 48, na mashine nyingi za aina hii hazina.
- Waya wa RCA kwenda jeki ya milimita 6.35, na hedifoni za kufunika masikio.
- Kadi ya sauti ya USB yenye LINE IN. Tundu la hedifoni la simu si mbadala wake. Ingizo lake ni la maiki na linapasua sauti ya mashine.
- App ya tyuna na app ya kutoa toni kwenye simu.

Neno kuhusu umeme, kwa sababu hapa ndipo mashine nyingi zinapokufa siku ya kwanza. Iliyotoka Japani inataka volti 100, ya Marekani 120. Soketi ya Tanzania inatoa 230, ya Kenya 240. Ukiichomeka moja kwa moja umeiunguza. Nunua transfoma ya kushusha, au adapta mpya inayotoa volti zile zile zilizoandikwa nyuma ya mashine. Kagua mambo matatu: volti, milliampea (zisipungue zilizoandikwa, zikizidi hakuna ubaya) na mchoro mdogo unaoonyesha kama katikati ya plagi ni chanya au hasi. Tena baadhi ya mikisa za zamani zinataka adapta inayotoa AC, si DC, ingawa plagi inaingia vizuri. Soma, usibahatishe.

Sehemu ya kwanza: kukagua na kusafisha

1. Ikague kabla ya kulipa. Nenda na kaseti isiyo na thamani. Bonyeza PLAY, kisha tazama vitovu viwili kupitia dirisha: cha kulia lazima kizunguke bila kusitasita. Peleka mbele, rudisha nyuma, hadi mwisho wa kanda. Halafu rekodi sekunde kumi kwenye kila treki, moja baada ya nyingine, na uisikilize. Treki moja ikikaa kimya, punguza bei au ondoka. Muuzaji anayesema "inawaka" amekuambia habari za taa tu.

2. Sikiliza bila kaseti. Fungua mlango, bonyeza PLAY. Mota ikisikika lakini hakuna kinachozunguka, mkanda wa mpira ndani umekatika au umeyeyuka. Huo unabadilishika kwa bei ndogo, ila ujue mpira ulioyeyuka unakuwa kama lami. Uufute wote kwenye puli kwa spiriti kabla ya kuvalisha mpya, maana mabaki yakibaki mpya nao utateleza. Pima mzunguko wa mkanda wa zamani kwa uzi kama haujalegea, kisha chagua mpya ulio mfupi kwa takriban asilimia 5 ili ukae ukiwa umekaza.

3. Safisha hedi, yaani vichwa vya sumaku vinavyogusa utepe. Zima mashine. Lowesha kijiti kwa spiriti, kisidondoshe. Sugua hedi ya kufuta na hedi ya kurekodi kwa mwendo wa utepe, kushoto kwenda kulia, si juu na chini. Pamba itatoka na kahawia: huo ni unga wa sumaku ulioanguka kutoka kwenye kanda. Badilisha kijiti na urudie mpaka kitoke cheupe. Hedi iliyosafishwa inang'aa, na kwa tochi utaona mistari minne midogo, mmoja kwa kila treki. Mtaro ukionekana mahali utepe unapopita, au kucha ikikwama pembeni mwake, hedi imelika na trebo haitarudi.

4. Safisha mhimili wa chuma na rola ya mpira. Mhimili mwembamba unaovuta utepe usafishwe kwa spiriti ile ile, ukizunguka. Rola ya mpira inayoubana isafishwe kwa kitambaa chenye maji na tone la sabuni, kisha ikaushwe. Spiriti ikitumika mara kwa mara inaukausha mpira hadi upasuke. Rola ikishakuwa ngumu na kung'aa kama kioo, ibadilishe. Asilimia kubwa ya kaseti zilizomezwa ni kazi ya rola chafu.

5. Safisha kontakti. Slaida zinazokwaruza na swichi zinazokatakata zinataka kontakti klina kidogo sana, mara moja, halafu uzisukume huku na huku mara thelathini. Usisahau swichi ya kuchagua treki ya kurekodi. Hiyo ndiyo inayofanya watu waamini treki 3 imekufa, kumbe ina kutu. Walio Dar, Zanzibar au Mombasa warudie kila baada ya miezi michache, maana hewa ya chumvi haina huruma na kontakti.

6. Pima kasi. Watu wengi wanarekodi toni ya 440 kwenye mashine yao, wanaicheza, tyuna inasoma 440, wanaridhika. Hawajapima chochote: mashine iliyorekodi polepole itacheza polepole hivyo hivyo. Unahitaji kanda iliyorekodiwa toni kwenye deki nyingine unayoiamini, na iwe kwa kasi ya 4.8. Icheze kwenye mashine yako na nobu ya PITCH ikiwa katikati. Kama tyuna inasoma juu au chini, tafuta tundu dogo nyuma ya mota na uzungushe skrubu iliyomo kwa bisibisi nyembamba, milimita kwa milimita. Ikiwa kila kitu utakirekodi na kukicheza hapo hapo, kasi kamili si muhimu. Utulivu ndio muhimu.

7. Pima utulivu. Sasa rekodi toni ya hezi 1000 kwa nusu dakika na uisikilize kwa hedifoni. Ikiyumba polepole, lawama ni ya mkanda wa mpira au rola. Ikitetemeka haraka, mhimili una uchafu. Kuyumba kidogo ni sehemu ya uzuri wa kaseti, lakini lazima kubaki vile vile leo na kesho.

Skrubu ndogo iliyo ubavuni mwa hedi, yenye springi, ni ya kupanga pembe ya hedi. Iache kwanza. Iguse tu kama kaseti zilizorekodiwa kwenye mashine nyingine hazina trebo, ilhali ulizorekodi mwenyewe kwa hedi safi zinasikika sawa. Ukiigusa, weka alama ya wino mahali ilipokuwa.

Sehemu ya pili: kurekodi

Chagua kanda kwa makusudi. Mashine nyingi za treki nne zimepangwa kwa aina ya II, inayotambulika kwa vishimo vya ziada kwenye ukingo wa juu, kando ya vile vya kuzuia kurekodi. Ukiweka aina ya I, trebo inapungua na utepe unashiba mapema. Kwa besi na ngoma za lo-fi hilo linaweza kuwa ndilo unalolitaka. Kwa sauti ya mwimbaji jaribu kwanza. Aina ya IV ni hasara kwenye mashine hizi. Na usirekodi sekunde tano za mwanzo wa kanda, kwa kuwa hapo kuna kipande cha plastiki kisicho na sumaku.

8. Futa kanda yote. Ikiwa si mpya, rekodi ukimya kwenye treki zote nne, mwanzo hadi mwisho, slaida zote zikiwa chini. Bila hivyo wimbo wa mwenyewe wa zamani utachungulia kinyumenyume kwenye treki 4.

9. Panga levo kuanzia chanzo. Kwenye kompyuta weka biti ifike kilele cha desibeli −12. Ingiza kwenye LINE ya mikisa. Weka slaida ya chaneli na ya jumla kwenye eneo lake la kazi (Tascam wamelipaka kivuli kati ya 7 na 8), kisha ndipo uongeze TRIM hadi mita ya levo isome 0. Wanaoanza hufanya kinyume: TRIM juu, slaida chini kabisa, halafu wanashangaa sauti inakwaruza ilhali mita imelala.

10. Amua nini kishibe. Utepe ukipewa levo kubwa kuliko unavyobeba, unabana vilele na kuvizungusha badala ya kuvikata. Hiyo ndiyo joto watu wanayoizungumzia. Bila dbx wala Dolby (vipunguza mvumo), anza hivi:
   - biti ya ngoma: kilele +3 hadi +6
   - besi: 0 hadi +3
   - gitaa na kinanda: 0
   - sauti ya mwimbaji: 0, mara moja moja +3
   - kayamba, hai-hati na kitu chochote chenye trebo kali: −6, hata −10

   Kayamba inahitaji maelezo. Kwenye kaseti trebo ndiyo inayoshiba kwanza, na mita haiioni vizuri. Kayamba iliyorekodiwa kwenye 0 inarudi kama mchanga unaomwagwa kwenye bati.

11. Tumia dbx kwa akili. dbx inabana sauti 2 kwa 1 wakati wa kurekodi na kuifungua kwa kiasi hicho hicho wakati wa kucheza. Kosa lolote la levo katikati linakuzwa mara mbili. Ukiiwasha, usivuke 0. Ukitaka utepe ushibe, izime na ukubali mvumo. Kuna matumizi ya tatu yanayofaa sana kwa ngoma: rekodi dbx ikiwa imewashwa, cheza ikiwa imezimwa. Ngoma zinatoka zimebanwa, zinang'aa na kusukuma mbele. Ijaribu kwenye treki moja kabla ya wimbo mzima, maana swichi kwenye mashine nyingi inahusu treki zote.

12. Chafua kwenye mikisa kabla ya utepe. Kwa gitaa au sauti yenye ukali, pandisha GAIN ya chaneli hadi taa nyekundu iwake kwenye kila pigo, halafu shusha slaida mpaka mita ya kinasa irudi 0. Kama haitoshi, toa AUX SEND (tundu linalotoa nakala ya sauti) ya chaneli hiyo uipeleke kwenye ingizo la chaneli nyingine na upandishe GAIN ya pili nayo. Hakikisha AUX ya chaneli hiyo ya pili iko sifuri, la sivyo itajizunguka na kupiga kelele. Punguza hedifoni kabla ya kujaribu. Masikio hayana vipuri.

13. Rekodi, rudisha, sikiliza. Mashine hizi zina hedi moja ya kurekodi na kucheza, kwa hiyo unaporekodi unasikia kinachoingia, si kilichokaa kwenye utepe. Rekodi sekunde ishirini za sehemu yenye kelele zaidi, rudisha, sikiliza, rekebisha. Fanya hivyo kwa kila ala.

Sehemu ya tatu: kuhamisha treki

Kuhamisha ni kuchanganya treki kadhaa na kuzirekodi upya kwenye treki moja, ili za mwanzo zitumike tena. Hivyo treki nne zinatosha zaidi ya unavyofikiri. Chukua wimbo wenye ala na sauti saba: biti, besi, gitaa la ridhimu, kayamba, gitaa la solo, kiitikio, sauti kuu.

14. Rekodi biti kwenye treki 1, besi kwenye 2, ridhimu kwenye 3. Nakili zote tatu kwenye kompyuta sasa hivi, kabla ya kuendelea. Kwenye utepe hakuna kurudi nyuma.

15. Geuza swichi za chaneli 1, 2 na 3 kwenda TAPE. Zungusha PAN zao (nobu za kupeleka sauti kushoto au kulia) zote kulia kabisa. Kwenye mashine nyingi kushoto ni treki 1 na 3, kulia ni 2 na 4. Washa kurekodi treki 4 peke yake. Chaneli 4 isiwe kwenye TAPE. Ikiwa hapo, treki 4 inajirekodi yenyewe na utasikia mlio mkali unaopanda.

16. Changanya. Trebo ya ziada iongezwe sasa, desibeli 2 au 3, kwa sababu kila kuhamisha kunaila. Besi ipunguze kidogo kuliko unavyopenda, maana inajikusanya. Ila usizidishe trebo ya treki 3: iko jirani na 4, na ikivuja inaweza kuanza kupiga filimbi.

17. Bonyeza kurekodi, na wakati treki tatu zinahama, piga kayamba moja kwa moja kwenye maiki iliyounganishwa na chaneli 4 ikiwa kwenye MIC, PAN kulia. Kayamba inaingia kwenye treki 4 ikiwa imerekodiwa mara moja tu, na trebo yake inasalimika.

18. Sikiliza treki 4 mara mbili, kwa hedifoni na kwa spika. Ukiridhika, rekodi kiitikio kwenye 3, sauti kuu kwenye 2 na gitaa la solo kwenye 1. Mpangilio huu una sababu. Treki 1 na 4 ziko kwenye kingo za utepe, ambako mikunjo na kukatika kwa sauti huanzia, na sauti kuu haipaswi kukaa hapo. Pia imetengana na ngoma za treki 4, kwa hiyo hazivujii kwenye mashairi.

Ukipigia ala moja moja kwa moja katika kila uhamisho, hesabu inafika kumi: nne kwenye treki 4, tatu kwenye 3, mbili kwenye 2, na moja kwenye 1. Lakini baada ya kuhama mara mbili ala inakuwa ukungu mtupu. Ukungu ukiwa ndio lengo, weka humo vinanda na vipande vya mandhari, si maneno.

Sehemu ya nne: kasi, kisha kurudi kompyuta

19. Nobu ya PITCH ni ala. Ikiwa yako inafika asilimia 12 kila upande, kuishusha kabisa kunateremsha wimbo kwa zaidi kidogo ya semitoni mbili. Rekodi biti ikiwa juu kidogo, icheze ikiwa katikati, na ngoma zinakuwa nzito bila programu yoyote. Kwa kuyumba, izungushe kwa kidole polepole, asilimia 1 au 2, wakati wa kuhamishia kompyuta. Ala utakazoongeza baadaye zipigwe kwa kufuata kanda, si tyuna.

20. Unganisha LINE OUT na LINE IN ya kadi ya USB. Rekodi kwa biti 24 (24-bit), kilele kiwe kama desibeli −6. Kama kadi ina ingizo nne na mashine ina TAPE OUT nne, pitisha zote kwa mara moja. Ukipitisha mbili kisha mbili hazitalingana: tofauti ya kasi ya asilimia 0.1 tu kwenye wimbo wa dakika tatu ni milisekunde 180, na sikio linaiona mapema kuliko hapo. Ukiwa na ingizo mbili, changanya kwenye mashine na upeleke stirio.

21. Mvumo usiufute wote kwa programu. Kata chini ya hezi 40, acha mengine, na uache mvumo uanze kabla ya wimbo na uishe baada yake. Ukikatika ghafla kwenye kimya, ndipo msikilizaji anapouona kama kasoro.

Ikikataa

*Haina trebo.* Hedi chafu, mara tisa kati ya kumi. Kisha angalia kama kanda ilirekodiwa bila dbx na inachezwa na dbx. Kisha kipande kidogo cha sponji ndani ya kaseti kinachobana utepe kwenye hedi: kikidondoka, trebo na levo huondoka pamoja.

*Sauti inapanda na kushuka kama inapumua.* dbx inafanya kazi na levo isiyo sahihi. Safisha hedi, punguza levo ya kurekodi.

*Inameza utepe.* Kitovu cha kulia hakivuti, au rola ina uchafu. Usiivute kaseti kwa nguvu. Zima, fungua mlango, na utoe utepe taratibu kwa kuzungusha kitovu kwa kalamu.

*Hairekodi.* Kitufe cha REC kikikataa kushuka, vibao vidogo nyuma ya kaseti vimevunjwa. Ziba kwa selotepu, bila kufunika vishimo vya aina ya II. Kitufe kikishuka lakini hakuna kinachoingia, hujachagua treki, au swichi yake ina kutu.

*Wimbo wa zamani unasikika chini ya mpya.* Hedi ya kufuta ni chafu.

*Mngurumo wa hezi 50.* Chomeka mashine, mikisa na kompyuta kwenye soketi moja. Sogeza transfoma mbali na hedi, angalau nusu mita. Jaribu laptopu ikiwa kwenye betri. Usikate pini ya ethi kamwe. Kelele itaondoka na kinga yako itaondoka nayo.

*Treki moja inatoka upande mmoja tu.* PAN. Iangalie kabla ya kufungua skrubu yoyote.

*Umeme umekatika katikati ya kurekodi.* Bonyeza STOP hata kama mashine imezimika, ili rola iachie utepe. Rola ikibaki imebana kwa saa kadhaa inapata mbonyeo, na utasikia "tup, tup" kwenye kila mzunguko.

*Kaseti ina unga mweupe kwenye kingo za utepe.* Huo ni ukungu. Usiicheze: itachafua hedi na kuhamia kwenye kanda nyingine. Kanda nzima zihifadhi zikiwa zimesimama wima kwenye boksi la plastiki lenye pakiti za kukausha unyevu, mbali na spika na jua la dirishani.